Mgonjwa Mwenye Mkia wa Zambarau

Wiki iliyopita mwanangu mdogo alitokwa na utando mweupe ulimini, nami nikaenda duka la dawa pale Vwawa kununua GV, ile dawa ya zambarau ya kupaka. Muuzaji, binti mdogo tu, aliitafuta sana kwenye rafu ya chini, akanikabidhi huku akinitazama kama mtu wa enzi za ukoloni. Nilipomaliza kumpaka mtoto, vidole vyangu vilikuwa vya zambarau mpaka kwenye kucha. Nikakaa kwenye ngazi za nyuma nikacheka peke yangu. Mume wangu akauliza kuna nini, nikamjibu kwamba nimemkumbuka Bwana Afya. Maskini, alidhani namsema mtu.

Bwana Afya alikuwa nyoka. Usishtuke, rafiki yangu, kaa nikusimulie.

Nililelewa na bibi, upande wa Mbozi, kwenye vilima vya ndani ukishaiacha barabara kuu. Mibuni ilifika karibu na mlango wa jikoni, na nyuma ya jiko palikuwa na ghala la udongo tulimoweka mahindi. Miezi ya baridi, tukishavuna, ghala lile lilinukia magunia na moshi, na juu ya boriti panya walikimbizana kama watoto waliotoka shule. Humo ndimo alimoishi nyoka mmoja wa kahawia, mrefu kama mkono wa mtu mzima, asiye na sumu. Bibi ndiye aliyempa jina, kwa kuwa alikuja kukagua bila kupiga hodi, na akishapita, uchafu wa panya hauonekani tena. Ukisema tulimfuga hujakosea. Bibi alimwekea maji kwenye kifuniko cha sufuria, na kuyabadilisha kila asubuhi kabla ya kwenda shule ilikuwa kazi yangu.

Tangu babu afariki, bibi alikuwa na desturi ya kuongea na Bwana Afya kila alipokwenda kuchota mahindi. Alimpa habari za kanisani, alimsimulia kahawa ilivyochanua, na alinishtaki kwake kwa uvivu wangu wa kuosha vyombo. Mimi nilikuwa namsikiliza kutoka jikoni huku nikichochea kande, wala sikuona ajabu yoyote. Nilidhani kila bibi ana nyoka wake wa kuongea naye.

Siku moja aliingia ghalani na debe lililojaa mahindi. Alilitua kama alivyolitua maisha yake yote, halafu nikasikia anasema, "Mungu wangu." Nilipofika, alikuwa ameshaliinua tena. Ncha ya mkia wa Bwana Afya ilikuwa imebanwa chini yake. Ngozi ilichanika, damu kidogo ikatoka, naye akajikunja pembeni akificha kichwa. Bibi yangu huyu alikuwa akichinja kuku huku akipiga soga na wageni. Siku hiyo alikaa sakafuni palepale.

"Nimemuumiza mwenzangu," akasema.

Hofu yake ilikuwa kwamba kidonda kikioza kitapanda mwilini, nasi tutampoteza. Akatoa koti la babu sandukuni. Akalaza mkono wa koti sakafuni, na Bwana Afya, kwa kuwa nyoka hupenda giza, akaingiza kichwa humo mwenyewe, akapita mpaka ukabaki mkia peke yake nje. Kazi ya kuushika ikawa yangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kitu cha utelezi, kumbe alikuwa mkavu na laini, kama mkanda wa ngozi uliokaa juani. Bibi akamwosha kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kisha akapaka GV kwa unyoya wa kuku. Alikuwa akisema pole, pole, kila alipogusa. Tulimlaza kwenye karai karibu na jiko, juu ya jiwe la moto lililofungwa kitenge kikuukuu, maana baridi ya Mbozi unaijua. Ikawa hivyo kila asubuhi, na panya huko ghalani wakafanya sherehe.

Sasa jirani yetu. Alikuwa mama wa biashara, akipeleka maharage Tunduma na kuwauzia Wazambia, na salamu yake ya asubuhi kutoka ng'ambo ya ua, aliyoiokota kwao, ilikuwa "Mulishani!" hata kwa kuku wetu. Alipenda utani kwa kila jambo isipokuwa nyoka. Mwanawe wa kwanza aliwahi kuumwa na kifutu katika shamba la maharage, akapona, lakini mguu haukurudi kama zamani. Kwa hiyo alipokuja kuomba moto na kuchungulia kwenye karai, sikucheka alivyopiga ukelele.

"Bibi! Nyoka! Tena mkia wa zambarau! Huyo ni wa kutumwa!"

"Ni GV hiyo, mwanangu. Anaumwa."

"Anaumwa? Nyoka?" Alikuwa ameshafika nje, anaongea kupitia upenyo wa mlango.

Bibi akatoka akasimama naye. "Yaliyompata mwanao nayajua. Siku ile tulimbeba pamoja mpaka barabarani. Sikuambii uwapende nyoka. Nakuomba huyu mmoja tu, wa mkia wa zambarau. Ukimkuta kwako, niite."

Jirani alichungulia tena kwenye karai kupitia upenyo wa mlango. Halafu utani ukamrudia kidogo. "Haya. Huyu ameshagongewa muhuri kama pasi ya mpakani. Lakini asiye na muhuri nikimkuta kwangu, bibi, tusilaumiane."

"Tusilaumiane," bibi akakubali.

Habari zilienea mpaka kanisani, ambako wapo waliomwombea bibi arudishiwe akili. Shuleni mwalimu alinisimamisha mbele ya darasa nieleze kama ni kweli, watoto wakacheka mpaka wakalala juu ya madawati. Wenzangu walipotoka, akaniita kando na kuniuliza kwa sauti ndogo, "Anaendeleaje?" Nilimpenda mwalimu yule kuanzia siku hiyo.

Aliendelea vizuri. Kidonda kilikauka, ncha ya mkia ikadondoka yenyewe, pakabaki kibutu. Akarudi ghalani kwake. Kisha macho yake yakaingia ukungu, akaacha kunywa maji, na bibi akaniambia anataka kuvua gamba. Mchana mmoja tulilikuta limekwama kati ya nguzo mbili, zima, jepesi, na mwisho wake wa zambarau. Bibi alipiga kigelegele. Halafu akalitazama tena, furaha ikamtoka usoni.

"Muhuri umebaki huku," akasema.

Mwenyewe hakuwepo. Tulipekua nyuma ya magunia na chini ya maboga, bibi ameshika chupa ya GV mkononi. Popote alipokuwa, sasa alikuwa nyoka kama nyoka wengine, na kwetu nyoka akionekana hupigwa. Hatujamaliza kutafuta tukasikia jirani anaita, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Tulikimbia. Alikuwa uani kwake, mbele ya rundo la maganda ya maharage, jembe ameliinua juu ya kichwa. Juu ya maganda alilala nyoka wa kahawia. Machozi yalikuwa yanamtiririka jirani.

"Njoo upesi, bibi, mikono imeshachoka! Muhuri siuoni. Ni wako au si wako?"

Bibi akainama kuangalia. Nami nikaangalia. Mkia wa Bwana Afya niliushika asubuhi nyingi mno, nisingeukosea. Wake ulikuwa kibutu sasa. Huyu mkia wake ulikuwa mzima, mwembamba mpaka mwisho. Alikuwa wa aina ileile isiyo na sumu, lakini hakuwa yeye. Nikafungua mdomo niseme. Bibi akanikanyaga kidole.

"Ni wangu," akasema. "Amepona, ndiyo maana rangi imetoka. Ahsante, mwanangu."

Jirani alishusha jembe taratibu, akaukalia mpini, akalia kweli kweli. "Mchukue basi, bibi. Mchukue kabla sijabadili mawazo."

Bibi alifungua kitenge chake cha juu, akamkunja nyoka mgeni ndani yake, tukaondoka. Tulipofika kwenye mibuni sikuweza kuvumilia.

"Bibi, huyu si Bwana Afya."

"Najua."

"Umesema uongo."

Aliendelea kutembea, kitenge kifuani. "Mtu mwenye uchungu kama wake ameinua jembe, halafu akaniita kwanza. Ulitaka nimwambie piga?"

Bwana Afya tulimkuta nyumbani, amejikunja juu ya boriti, anang'aa kama kitu kipya. Tukawapaka GV wote wawili.

Bibi amelala kando ya babu siku hizi, chini ya mibuni. Ghala lilibomoka mvua za mwaka fulani, na mjomba anahifadhi mahindi kwenye mapipa ya plastiki na kuwawekea panya sumu. Simlaumu, chakula lazima kilindwe. Jirani alihamia Tunduma kabisa, na kiwanja chake kina nyumba nzuri ya watu nisiowajua, yenye ukuta mrefu na geti jeusi. Nyoka wale siwaoni tena, nami nawakumbuka kwa upendo. Lakini ninayemlilia ni yule mama mwenye kila sababu ya kupiga, aliyesimama na jembe juu ya kichwa, akaita ng'ambo ya ua. Nikienda nyumbani napita kando ya ukuta ule, na sijawahi kusikia mtu anaita.