Mkono wa Roscoe Kwenye Plymouth Nyeusi

Tangu walipomzika Roscoe Tuggle, mkewe Orlena hakukaa kwenye kiti hata kikapata joto. Aliketi, akainuka. Alifungua friji, akaifunga bila kutoa kitu. Alianza zaburi, na kabla haijafika katikati alikuwa dirishani, anatazama gereji iliyo nyuma ya nyumba. Majirani wa mtaa wao pale Highland Park, ndani ya Detroit, walimwona akifagia ngazi asubuhi, akafagia tena mchana, na jioni akatoka na ufagio uleule kana kwamba ngazi zile zimemtukana.

Ndani ya gereji, chini ya shuka la zamani, kulikuwa na gari.

Lilikuwa Plymouth nyeusi ya mwaka sitini na saba, yenye injini kubwa kupita haja ya mtu wa kwenda kazini na kanisani tu. Lakini Roscoe hakuwa mtu wa kwenda kazini na kanisani tu. Siku za kazi alisimama mwisho wa mstari wa kiwanda kilichounda magari hayo, kalamu ya nta ya manjano juu ya sikio, akikagua kila gari linalofika. Likiwa sawa, aliandika R.T. kwenye ukuta wa bati nyuma ya injini, na chini yake akachora msalaba mdogo, maana mama yake alimlea akijua kwamba kazi isiyobarikiwa ni jasho la bure. Siku moja likafika jeusi moja. Akaisikiliza injini yake, akaandika herufi zake, akachora msalaba wake, kisha akaenda kuuliza linapelekwa duka gani. Alijinyima mpaka akalinunua lilelile.

Jumamosi jioni alikuwa Woodward. Barabara ile pana, inayotoka katikati ya Detroit na kukata vitongoji kwenda kaskazini, ndiko vijana walikosimama kwenye taa nyekundu wakitazamana kwa pembe ya jicho, na taa ikigeuka kijani, mwenye roho aondoke. Roscoe aliandika saba kubwa kwenye kioo cha nyuma kwa dawa nyeupe ya viatu, na hiyo saba ndiyo wengi waliyoijua, kwa kuwa waliiona kwa nyuma tu. Kiangazi kimoja wahandisi wa kiwanda wakaleta barabarani gari la majaribio, kwa nje la kijivu kama la mwalimu mstaafu, ndani injini ambayo haijauzwa popote. Roscoe akawaacha kwenye taa ya kwanza, akawangoja, akawaacha tena kwenye ya pili. Jumatatu wakashuka hadi mwisho wa mstari, wanauliza kama kuna anayemjua mwenye Plymouth ya namba saba.

"Nimemsikia," Roscoe aliwajibu, kalamu mkononi. "Wanasema ni mtu wa kanisa." Akaendelea kuandika.

Tangu kiangazi kile hakuifuta ile saba, wala hakuosha kitu chochote chini ya boneti. Injini aliitengeneza, uchafu akauacha. Hadithi ikatembea kuliko gari lenyewe, na hadi uzeeni watu walikuja kubisha mlango, wanaomba waione tu. Jumapili Plymouth ileile iliwapeleka kanisani, inanguruma polepole kama simba aliyeshiba, Orlena ndani na sare yake nyeupe ya mhudumu wa mlangoni na glavu zake mapajani.

Orlena hakuamua kuiuza kwa sababu ya ukata. Alikuwa na pensheni yake ya upishi wa shule, na ya Roscoe juu yake. Aliamua kwa sababu hakuweza kusali. Kila Jumamosi ya ndoa yao Roscoe aliiwasha, hata miaka ambayo hakuitoa nje. Sasa saa hiyo ilifika, gereji ikanyamaza, na ukimya ule ulimwinua Orlena kwenye magoti. Kisha ikaja ile wiki ya Agosti ambapo magari ya kale hujaa Woodward kutoka kila jimbo. Milio yao ilipita juu ya mapaa mchana kutwa, na kila mmoja uliponguruma, moyo wake ulitangulia mlangoni kabla ya miguu.

"Ee Bwana," alisema akiwa amesimama, maana kupiga magoti kumemshinda, "niondolee hiki kitu, nami nitakaa chini."

Ndipo akampigia simu mtu mmoja wa Toledo, jimbo la jirani, Bwana Haldane, mkusanyaji wa magari aliyekuwa amemwandama Roscoe kwa miaka. Haldane alisema atakuja Jumamosi na trela.

Orlena alikuwa amelelewa Alabama na mama ambaye hakuruhusu hata sahani ya kuazimwa irudi kwa mwenyewe bila kusuguliwa. Akachukua ndoo, sabuni ya vyombo, dawa ya kutolea grisi, na mswaki wa Roscoe ambao alikuwa hajaweza kuutupa. Kwa mara ya kwanza tangu msiba, mikono yake ilipata pa kukaa. Alisugua asubuhi, akasugua jioni. Chini ya boneti alikuta grisi iliyoganda kama lami, akaikwangua kwa kijiko. Ya mwisho ilikuwa ile saba. Aliitazama kitambo, akafikiri kwamba mnunuzi asije akaona michoro kama ya ukuta wa stendi, akaifuta kwa siki.

Jumamosi asubuhi akaja Elbert, mdogo wake Roscoe, mzee mnene mwenye maneno, aliyekuwa akimshikia kaka yake spana tangu utotoni.

"Shemeji, hii siki unatengeneza achari au unafukuza pepo?"

"Njoo uone. Utadhani limetoka dukani leo."

Elbert akavuta shuka huku anacheka. Akazunguka nyuma, kicheko kikapungua. Akafungua boneti, kikaisha.

"Ee Bwana wangu."

"Limetakata, siyo?"

"Shemeji, iko wapi?"

"Iko wapi nini?"

"R.T. ya Roscoe. Na msalaba wake. Vilikuwa hapa." Akaweka kidole kwenye bati linalong'aa kama sufuria ya harusi.

Orlena alijua kwamba mumewe aliandika herufi zake kwenye maelfu ya magari. Kwamba na hili lilikuwa nazo, chini ya ile lami, halikumpitia akilini. Roscoe hakuwahi kumfungulia boneti, naye hakuwahi kuomba afunguliwe.

"Nilidhani ni uchafu," alisema.

"Ni uchafu! Ndio anaoutaka! Yule bwana hatoki Toledo kuja kufuata bati, mabati hata Toledo yapo. Hawa watu wanataka gari kama lilivyoachwa, na vumbi lake na alama za mkaguzi wake. Wanalinusa kama mkate."

"Hakuna kitu kinachotoka nyumba hii kikiwa kichafu, Elbert. Roscoe nilimnyoa mwenyewe kule hospitali. Shati alilozikwa nalo nililipiga pasi mara mbili. Halafu gari lake nilitoe na grisi? Watu wangesemaje?"

"Wangesema asante."

Orlena alitoka nje, akarudi, akatoka tena. Alipoingia mara ya tatu, Elbert alikuwa ameinamia sanduku la vifaa la kaka yake, na mkononi ana kipande cha kalamu ya nta ya manjano.

"Tulia, mama. Mkono wa Roscoe naujua kuliko wangu. Shuleni nilikuwa namwandikia kazi zake kwa mwandiko wake, yeye ananiandikia udhuru kwa mwandiko wa baba, na hakuna mwalimu aliyetushika. Picha ya zamani ninayo hapa kwenye simu. Dakika moja tu, mtu wa Toledo hatajua mbele wala nyuma."

Kabla Orlena hajajibu, akaandika R.

Ilikuwa R ya Roscoe, mguu wake wa mbele umetupwa mbali kama mtu anayeshuka ukingo wa barabara. Ndivyo alivyoiandika kwenye kadi za Krismasi, kwenye Biblia ya familia, kwenye mkanda wa gundi aliobandika juu ya chakula chake ili Elbert asile. Orlena aliiona ikiwa mbichi, ya manjano, kana kwamba mwenyewe amekwenda kunawa mikono na atarudi.

"Andika na T," alisema kwa sauti ndogo.

Elbert akaandika T. Orlena akasogea mpaka akaweza kuigusa, asiiguse. Akataka ibaki pale, kwa lolote. Elbert akashusha kalamu chini ya herufi ili achore msalaba.

"Ngoja."

"Kuna nini tena?"

"Roscoe alipouchora, alikuwa anaomba. Wewe unafanya nini?"

Elbert alimtazama, akaitazama kalamu. Alikuwa mtu wa mzaha, lakini hakuwa mwongo wa moja kwa moja.

"Mimi nafanya biashara, shemeji."

"Basi usiuchore."

Akachukua pindo la aproni yake akaifuta T, kisha R. Mara ya kwanza alipofuta mkono wa mumewe hakuumia, kwa kuwa hakujua. Mara hii alifuta polepole, na machozi yakidondokea kwenye bati alilolisugua mwenyewe. Kisha akanyoosha kiganja, Elbert akampa kalamu. Orlena akazunguka gari lote, akarudi palepale, akainama na kuandika kwa mwandiko mnene wa mpishi aliyezoea kuandika chakula cha siku ubaoni: LIMEOSHWA NA MKEWE. O.T.

Elbert akashika kichwa. "Hapo umelizika kabisa. Twende tukaange samaki, maana leo hatuuzi kitu."

Bwana Haldane alifika kabla samaki hawajaingia kwenye mafuta. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye kitochi mfukoni. Alipita kwenye kioo cha nyuma, akasimama. Akainama chini ya boneti, akawasha kitochi, akakizima.

"Haya maandishi ni ya nani?"

"Ni yangu," Orlena alisema. "Hapo palikuwa na alama za mume wangu, nikazifuta kwa sabuni ya vyombo, bila kujua. Leo asubuhi zilirudi kwa mkono wa mtu mwingine. Nikazifuta tena, safari hii nikijua."

Elbert akaanza kuchunguza dari.

Haldane akageuza ndoo, akaikalia. "Mama, nimelitafuta gari hili tangu nina nywele. Nilitaka lile alilogusa yeye."

"Yeye aliligusa miaka hamsini. Mimi wiki hii tu."

"Nina fundi wangu. Akipewa picha anarudisha kila kitu, mpaka vumbi. Hakuna atakayejua."

"Kuweza anaweza. Hata huyu anayetazama dari anaweza. Lakini mtu atakuuliza, nawe utasema ni mkono wa Roscoe Tuggle, naye hayupo wa kusema siyo. Mimi siwezi kumwachia marehemu mzigo huo." Akaokota shuka sakafuni. "Nataka liondoke, bwana. Mungu anajua ninavyotaka liondoke. Lakini kama litaondoka na uongo juu ya jina lake, basi lirudishie shuka."

Nje, upande wa Woodward, gari moja lilinguruma likapita. Orlena aligeuka mlangoni kabla hajajizuia, na Haldane aliona.

"Linawaka?" akauliza.

Elbert hakungoja kuambiwa. Aliingia, akapiga starti mara moja, mara mbili, na Plymouth ikaamka. Madirisha ya jikoni yakalia. Orlena alishika ukingo wa meza ya kazi. Upande wa pili wa mtaa jirani alipaza sauti, "Roscoe!" kabla hajakumbuka.

Haldane alisimama na kofia mkononi mpaka Elbert alipozima.

"Siwezi kutoa bei niliyosema mwanzo," alisema.

"Toa kilicho haki. Ila uniapie. Asiandike mtu chochote hapo."

"Naapa. Na hayo ya kwako?"

"Hayo ni kweli. Yakikukera, yaoshe."

"Mama," Haldane alisema, akicheka kwa mara ya kwanza, "mimi na sabuni tumemaliza urafiki."

Elbert akacheka kupita kiasi, kama mtu aliyeponea chupuchupu. Wakasukuma gari juu ya trela. Orlena akaweka kiganja chake juu ya boneti iliyokuwa bado na joto, akaomba kwa sauti, akamtaja Roscoe, akamtaja na Haldane, na barabara yote hadi Toledo. Trela ilipofika Woodward, wazee waliokuwa wamepanga viti vyao pembezoni kutazama magari waliiona Plymouth nyeusi, wakainuka mmoja mmoja.

Orlena hakuona hilo. Alikuwa amerudi gerejini na ndoo. Mahali pa gari palibaki doa la mafuta, pana, jeusi, lililoingia kwenye saruji kwa miaka. Akamimina sabuni kwenye maji, akapiga magoti, akainua brashi. Doa lile lilikuwa halijaandikwa na mtu, wala halikuwa na la kusema. Roscoe alidondosha tu, Jumamosi baada ya Jumamosi.

Alikaa hapo, brashi juu, magoti yakamuuma, na hakuinuka.

"Shemeji!" Elbert aliita kutoka jikoni. "Samaki wanageuka mkaa!"

"Wageuze basi, wewe una mikono!"

Akamwaga yale maji nje, kwenye majani, akafunga gereji. Doa akaliacha.