Kijiji Kinachoogesha Nyumba

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa nilivijua vijiji vya kusini mwa Poland kuliko mitaa ya Dallas. Tulikuwa tumetoka kambi ya wakimbizi mwaka mmoja tu uliopita, tukiishi mtaa wa Vickery Meadow, na kila Jumamosi Mama alinichukua kwa treni hadi mji wa jirani, Plano, kwa kuwa hakuwa na wa kuniachia. Huko alimtunza Bibi Halina, mzee wa Kipolandi aliyekuwa na miguu mibovu na ulimi mzima kabisa.

Mama akifua na kupika, Bibi alitandaza ramani ya mkoa wao mezani, akanishika kidole na kunitembeza. Hapa Zalipie, ambako wanawake huchora maua kwenye kuta, kwenye kisima, hata kwenye kibanda cha mbwa. Hapa Wieliczka, unateremka ngazi ndani ya mgodi wa chumvi mpaka unakuta kanisa, na taa zinazoning'inia humo zimechongwa kwa chumvi. Na hapa, karibu na milima, Chochołów alikozaliwa: nyumba za magogo ambazo watu huziosha kwa brashi na sabuni kabla ya sikukuu, mpaka mbao zing'ae.

"Wanaziogesha nyumba?" niliuliza.

"Hadi nyuma ya masikio," alijibu.

Niliamini. Darasani mwalimu akifundisha kugawanya, mimi nilikuwa Chochołów na ndoo yangu, nasugua ukuta, maji yanatiririka barazani na mbao zinanukia msitu. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Bibi alikuwa amekata tiketi. Alitaka kuosha ukuta wa kwao mara moja tena kabla hajafa, na alimwambia mleta barua, mfamasia, hata fundi wa bomba. Mama alijishika kichwa. Kwetu Kivu safari haitangazwi. Ukiitaja kabla hujafika, wenye kijicho wanaiharibu. Ndiyo maana sisi wenyewe tuliondoka kambini bila kuaga mtu, na rafiki yangu Furaha akaja kuniita tucheze akakuta nyumba tupu.

"Mwambie Bibi afunge kinywa," Mama aliniagiza. "Na weye pia. Usiseme kwa mutu hata moja."

Nikatafsiri kwa Kiingereza. Bibi alicheka mpaka akakohoa, kisha akamwonea Mama huruma, akaweka kidole midomoni. Tangu hapo wale wazee wawili, maana kwangu Mama naye alikuwa mzee, walikuwa wakipanga sanduku kwa kunong'ona.

Mimi ndiye niliyeshindwa. Jumapili, katika darasa la watoto kanisani, msichana mmoja alijisifu kwamba anakwenda Houston kwa shangazi yake mwenye bwawa la kuogelea. Sikuvumilia. Nikasema bibi yetu anasafiri Alhamisi, tena anakwenda kwenye kijiji kinachoogesha nyumba.

Jumatano Bibi aliishiwa pumzi jikoni, akalazwa. Daktari alisema moyo umechoka, ndege aisahau. Hakurudi tena kwake, na kabla ya Krismasi akafariki, ramani ikiwa chini ya mto wake.

Jumatano ile, tukiwa kwenye treni ya kurudi kutoka kumwona hospitalini, Mama aliniuliza polepole, "Kama ulisema kwa mutu?"

"No, Mama."

Akageukia dirishani, akalia mpaka kituo chetu. Nami nilikaa pale nikijua kwamba nimemponza bibi wa watu kwa kujisifu.

Nimekua, nikawa nesi. Nimeshika mikono ya wagonjwa wengi wenye mioyo iliyochoka, na hakuna hata mmoja aliyehitaji kijicho cha jirani ili auawe. Lakini elimu hiyo niliivua pamoja na sare. Nyumbani nilibaki mtoto wa kwenye treni. Mwaka jana, tukimenya ndizi jikoni kwa Mama kule Cedar Hill, nikamwambia yote.

Aliweka kisu chini.

"Miye pia nilisema," akasema. "Kwa groupe ya maombi. Niliwaomba wamuombee afike muzuri. Siku ile kwa treni nilikuuliza nikitumaini ni weye, Mungu anisamehe. Ukasema hapana. Basi nikajua ni miye."

Miaka ishirini. Jibu langu la woga ndilo lililombebesha Mama mzigo huo, nami niliyaona machozi yake nikadhani ni ya Bibi peke yake. Nilimshika mikono yenye utomvu wa ndizi, tukalia bila aibu.

Tumekata tiketi mbili, za majira ya kuosha nyumba. Jumapili iliyopita, wakati wa matangazo, Mama alisimama mbele ya kanisa zima, akashika maikrofoni, akataja siku, saa ya ndege, na jina la kijiji, ambalo alilivunjavunja vibaya. Nilipiga makofi kuliko wote, na bado nilikuwa naogopa.