Ukurasa wa Mwisho Uko Nkowe

Kwenye ofisi ya vifurushi hapa stendi ya Ruangwa, baba mmoja wa makamo alifungua mzigo wake kutoka Dar palepale kaunta. Ulikuwa kitabu kinene cha katuni: ile hadithi ya majini na mapanga iliyokuwa ikitoka vipande vipande tulipokuwa vijana, sasa imekusanywa pamoja. Akakinusa. Kisha akauchana taratibu ukurasa wa mwisho, akaukunja na kuutia kwenye mfuko wa shati.

"Baba, mbona unaharibu kitabu kipya?" dada wa kaunta akashtuka.

"Siharibu, mwanangu. Kwetu Nkowe ndivyo tulivyokuwa tunaazimana. Ukitaka kujua mwisho, unarudi kwangu, tunakaa, tunakula mihogo, ndipo nakupa ukurasa."

"Na siku hizi nani anaazima kwako?"

Akatutazama sisi tuliokaa kwenye benchi. Kila mtu alikuwa na simu yake.

"Bado hajatokea," akasema, akaanza kukifunga upya kwa kamba ileile.

Nikanyanyuka, nikamwomba aniazime. Alinitazama kama mtu anayeogopa kutaniwa, kisha akanipa kwa mikono miwili.

Nimeshakisoma chote. Vijana wananiambia mwisho wake upo mtandaoni, niutafute tu. Sitaki. Nyumbani kwangu, jioni, huoshwa sahani moja. Jumamosi napanda bodaboda kwenda Nkowe, na mihogo nabeba mimi.