Nilivyouza Laifjaketi kwa Maji ya Kiuno

Nianze na ile ya aibu kabisa ndio tumalizane nayo. Mimi, mtu mzima na ndevu zangu, baba ya watoto, nimewahi kulia "Mayooo, mama, nakufa!" ndani ya ziwa, mchana kweupe, mbele ya makastoma na vijana wa kuosha magari, na maji ilikuwa imenifika kiuno. Si kifua. Kiuno. Kuna wenye wanasema ilikuwa chini ya hapo, lakini hao ni watu wenye roho mbaya.

Sasa wacha nieleze vile nilifika huko.

Kabla ya hiyo kazi nilikuwa nauza mitumba soko ya Kibuye. Shule niliacha Form Two, na hiyo Form Two yenyewe niliisoma vipande vipande. Kwa hivyo mdomo ndio ilikuwa cheti yangu. Kibuye kastoma haulizwi anataka nini. Anapita zake, unamvisha koti akiwa bado anatembea, unarudi nyuma unashika kichwa, unapiga kelele vile imempendeza: "Imekutoa! Imekutoa, mama, acha nikae chini!" Koti inaweza kuwa mikono imefika magoti. Hiyo ndio staili ya saa hii, unamwambia. Kama haifungi vifungo, ni ya kuvaa wazi. Nguo mbaya haiko, kuna muuzaji bubu tu.

Ndio nikapata kazi kwa duka moja hapa kando ya ziwa, Kisumu, inauza vitu vya kuchezea maji. Kuna bodi ndefu za kusimamia juu ya maji ukijisukuma na kasia, miwani ya kuogelea, kaptura za kukauka haraka, na zile koti za kuelea, laifjaketi. Watu wa mjini wanakuja Jumapili wakitoka kanisani, wanaangalia bodi, wanauliza kama ni ya kupigia pasi. Mzee mmoja wa Kisian alitaka kujua kama inaweza kuwa mlango. Nilimwambia inaweza, tena mlango ya maana, mchwa hawezi kula. Nilikuwa karibu kumfungia mzigo ndio mwenye duka akatokea.

Mwenye duka ni mama mmoja mpole mwenye ameogelea tangu utoto. Tunamwita Madam. Yeye kuuza kwake ni kuuliza. Kastoma akiingia anamwuliza: unaenda wapi nayo, maji ya huko ikoje, unajua kuogelea, utakuwa na nani? Wakati mwingine anamwambia mtu, "Hii haikufai, enda nyumbani ufikirie." Mara ya kwanza kusikia hivyo nilifikiri ni mgonjwa. Kibuye ukimwambia mtu aende afikirie, wenzako wanakupeleka hospitali.

"Funga mdomo kidogo," alikuwa ananiambia. "Kastoma ndio anajua maji yake."

"Sawa, Madam," namjibu, halafu nageuka: "Imekutoa hiyo miwani, bro!"

Basi siku hiyo wakaingia mama mmoja na bwana yake, wametoka Asembo Bay. Mama anauza omena, dagaa wetu wa ziwa, na bwana ndio anaivua. Anatoka jioni na taa, anarudi asubuhi. Yule mama aliingia akimvuta mzee wake kwa mkono wa shati, kama mtu amepeleka mtoto kutolewa jino.

"Tunataka laifjaketi," akasema.

"Nani anataka?" bwana akauliza.

"Wewe unataka."

"Mimi niko na jerikani."

Mama akanigeukia, ni kama mimi ndio hakimu. "Unasikia huyu? Juzi upepo iligeuza boti ya jirani. Wanaume watano wameshikilia jerikani moja mpaka asubuhi, wamerudi midomo nyeupe kama unga. Tangu hiyo siku mimi silali. Akienda kwa maji nakaa kwa kitanda nasikiliza upepo kwa mabati. Nimechoka. Leo harudi nyumbani bila hii kitu."

"Na wote si walirudi?" bwana akasema. "Jerikani ni jerikani." Halafu akaniambia polepole, mwanaume kwa mwanaume: "Kijana, wewe hujui mambo ya kwetu. Ukivaa hiyo kitu kwa boti ni kama unaambia ziwa, 'niko tayari, nichukue.' Hata wenzangu hawatakubali kukaa na mimi. Na wakikubali, watanicheka mpaka nihame."

Hapo ndio Madam angeuliza maswali. Lakini Madam alikuwa nyuma ya duka anahesabu kasia, na mimi damu ya Kibuye ilikuwa imepanda. Nikatoa moja ya rangi ya machungwa, nikamvisha kabla hajamaliza kusema hapana, nikarudi nyuma, nikashika kichwa.

"Jaduong', mzee wangu! Imekutoa! Unakaa kama rubani!"

Mzee akajiangalia kwa kioo. "Nakaa kama papai."

"Ni rangi ya kisasa, mzee."

"Inanikaba hapa."

"Itafunguka ukivaa vaa."

Mama hakucheka. Alikuwa ananiangalia mimi, si ile koti. Akauliza pole pole, "Na wewe, kijana, huwa unavaa hii kwa maji?"

"Mimi? Kila siku!"

Sijui nani alisema hiyo maneno. Mimi nimezaliwa kando ya hili ziwa na sijawahi kuingia kupita mahali unaoshea miguu. Maji kwangu ni ya kunywa na ya kuoga na beseni.

"Ni vizuri," mama akasema. "Ziwa ni hiyo hapo. Ingia tuone."

Ningekataa. Mtu mwenye akili angesema ana homa. Lakini mzee alikuwa ashaanza kufungua vifungo, anatabasamu, anaona mlango ya kutorokea, na nikaona yule mama vile uso yake ilisinyaa. Nikajiambia, wewe, huyu mama ametoka mbali, na kulala hawezi. Nikamvua mzee ile koti, nikaivaa, nikatoka nje.

Kuna kitu lazima mjue hapa. Zile laifjaketi zetu zina mikanda miwili inaninginia chini, inafaa ipite katikati ya miguu ndio ufunge. Mimi sikujua. Nilifikiri ni ya kuanikia. Na kwa sababu Kibuye nguo ikininginia kamba inakaa ya zamani, nilikuwa nimezikunja za koti zote dukani nikazifunga nyuma na mpira wa nywele, zikakaa smart. Madam alikuwa hajaona. Mambo ya vitu kuelea walifundisha shuleni ile wiki sikuwa.

Nikaingia maji. Hatua ya kwanza, poa. Ya pili, poa, hata nikawapungia mkono. Vijana wa kuosha magari hapo kando ya ziwa wakazima pampu waone sinema. Maji ilipofika kiuno nikasema wacha nikae kidogo nielee, nirudi, tuuze. Nikakunja magoti.

Mimi nilienda chini. Koti ilienda juu. Ilipanda ikapita mabega, ikapita masikio, ikanifunika uso, mikono imesimama juu kama mtu amekamatwa na polisi. Ndani ni giza na harufu ya plastiki. Nikajua hii ndio kufa, na hapo ndio nilimwita mama, yeye na babu na watu wote wa kwetu wenye walitangulia.

Kitu ikanishika shingo, ikaniinua. Ilikuwa yule mzee. Aliingia na viatu.

"Simama," akaniambia.

"Nakufa!"

"Simama, omera, ndugu yangu. Uko na miguu."

Nikasimama. Maji ikashuka mpaka kiuno, ikanyamaza. Vijana wa magari walikuwa wamelala chini kwa mawe, mmoja analia kabisa. Mama wa omena ameshika mbavu. Na Madam amesimama mlangoni na kasia mkononi, hacheki.

"Mikanda ya chini iko wapi?" akauliza.

Mzee ndiye alizipata, nyuma, na mpira yake ya nywele. Akafungua, akazivuta, akaangalia. Madam akamwonyesha na mkono tu mahali inapita. Sasa mvuvi ni mtu wa kamba, ukimpa kamba huyo umempata. Nikamvulia ile koti hapo hapo, mzee akavaa, akapitisha mikanda, akafunga, akavuta mara mbili. Halafu bila kuambiwa na mtu akaendelea mbele, maji ikafika kifua, akainua miguu.

Ikamshika. Akalala chali hapo, vidole vya viatu vinaangalia juu.

"Eh," mzee akasema akiwa huko. "Hii ni kama mtu amekushika kwapa."

Alipotoka, Madam alimtafutia saizi yake, moja ya buluu yenye haikabi, akamwuliza maswali yake yote: boti ni ya ukubwa gani, unavuta wavu umesimama au umekaa, mikono inataka nafasi wapi. Mzee akajibu yote. Mimi nilikuwa kona natiririka maji, nimefunga mdomo kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe.

Mama akamwuliza, "Na wenzako?"

Mzee akaniangalia, akaanza kutikisika mabega. "Nitawaambia ya huyu. Nianze pole pole, vile alitupungia mkono. Wakimaliza kucheka, mimi nitakuwa nimeshavaa."

Walipoenda, Madam hakunifuta kazi. Alinifanya nifungue mpira zote, halafu nipigie simu wale wawili nilikuwa nimewauzia koti mbeleni, niwaeleze mkanda ni ya nini. Mmoja alisema yeye anaanikia nayo na inashika vizuri.

Nina rafiki tulikuwa meza moja Kibuye, yeye bado anauza mitumba, anazunguka masoko. Juzi alitoka Asembo Bay akapitia kwangu, akakaa, akaomba maji ya kunywa.

"Omera, huko kuna story," akasema. "Ati mtu wa duka fulani Kisumu alilia mama yake kwa maji ya goti."

"Kiuno," nikasema.

"Huko ni goti. Wavuvi waliniigizia yote, na mikono juu. Kama wanne hivi kwa boti yao wamevaa hizo koti zenu, mwingine mwenye hana ananiuliza hiyo duka iko wapi na huyo mtu ni nani."

"Ukawaambia?"

"Nilitaka," rafiki yangu akasema. "Lakini nikaona aibu. Nikasema simjui."