Nyayo za Jumapili ya Ubatizo

Awatifu Ghali ni fundi cherehani, mjane wa miaka hamsini na miwili, na tangu padri wetu, Abuna Wisa, amkabidhi ukurasa wa Fesibuku wa kanisa letu la Kikopti hapa Minya, Misri, hajapata kunywa chai ikiwa moto. Tunamwita Tasoni, kama tunavyowaita dada wote wanaotumika kanisani. Wasomi wetu waliugombea ukurasa ule, kila mmoja akitia picha zake mwenyewe, mpaka Abuna akachoka akampa mtu asiyependa kupigwa picha.

Kila Alhamisi hufungua daftari akapanga wiki nzima: lini zaburi, lini mapishi ya mfungo yasiyo na siagi wala maziwa, lini tangazo la arobaini ya marehemu. Kwenye karatasi inapendeza. Shida ni watu.

Wiki ya kuelekea Jumapili ya Ubatizo ilimtoa jasho. Mwaka huu watoto wa kubatizwa walikuwa tisa.

"Tasoni," Abuna akasema, "nataka picha moja kubwa ya watoto, ikae juu ya ukurasa mpaka Pasaka. Askofu huwa anatazama."

"Sura zao, Abuna?"

"Sasa unataka visogo?"

Kabla hajafika nyumbani, Mama Beshara alikuwa ameshasimama mlangoni pake. "Mjukuu wangu usimposti. Mweupe vile, macho rangi ya asali! Watu wa mji huu wana kijicho kinachotoboa ukuta."

"Haya, sitamweka."

"Yaani uwaweke wote umwache wangu? Ana kasoro gani?"

Wamama sita walikuja na maneno hayo hayo, na kila mmoja aliondoka amenuna.

Kisha akaja Nadra, na huyo hakuwa wa kuchekwa. Alikuwa amezika watoto watatu wa kiume, hakuna aliyetimiza mwaka. Huyu wa nne alimpa jina la Shahati, yaani ombaomba, na kumvika nguo alizoombaomba kwa majirani, ili kijicho kikipita kione hapana cha kuchukua. Alisimama kando ya cherehani, hakuketi.

"Tasoni, nakuomba. Uso wake usionekane. Hata nyuma ya mshumaa usionekane. Niapie."

Awatifu akaapa kwa Bikira.

Siku tatu mimi, jirani yake, nilimwona anaandika na kufuta. Kufunika sura kwa maua? Abuna angesema amechanganyikiwa. Kuweka wanane na kumwacha mmoja? Hapo ndipo mji mzima ungeuliza wa tisa ni nani na amefichwa kwa nini, na Shahati angekuwa kwenye kila kinywa. Mhandisi Rafla, mwenye kamera kubwa kuliko akili, alijitolea kusaidia.

"Niachie mimi, Tasoni. Nitawapiga kabla mama zao hawajashtuka."

"Ukiinua hiyo mashine karibu na maji, Mhandisi, utabatizwa wa kumi."

Jumapili ilifika hajui atafanya nini. Chumba cha ubatizo kilijaa vilio, wamama wanatoka jasho, nta ya mshumaa wa mtu inanidondokea begani. Abuna alimzamisha mtoto wa kwanza mara tatu, akampaka mafuta matakatifu kuanzia utosini hadi nyayo. Alipofika kwenye nyayo, Awatifu aliinama na simu yake. Akapiga nyayo tu. Mtoto wa pili, nyayo. Wote tisa. Akaziunga kwenye picha moja: nyayo zimelowa, zinang'aa mafuta, vidole vimejikunja. Chini akaandika, "Wapya wetu tisa." Hakutia jina.

Abuna aliitazama picha. "Nilisema sura."

"Sura zote zilikuwa zinalia, Abuna. Na nimemwapia mama mmoja."

"Yupi?"

"Sisemi."

Abuna alivuta ndevu zake. Si mjinga, misiba yote mitatu aliiongoza yeye. "Weka," akasema.

Tulipata amani ya dakika kumi. Kisha Mama Beshara akaandika chini ya picha: "Safu ya pili, kushoto, ni wa kwangu. Mnauona weupe?" Akajibiwa na mwingine: "Hizo za binti yangu, bibi. Wako ana kidole kifupi." Komenti zikapita sitini. Awatifu anafuta, wao wanaandika. Mara ikatokea ya Nadra.

"Za mwanangu ni zile za katikati kabisa. Jina lake la ubatizo ni Abanubu. Amezaliwa mwezi wa Kiyahki, kabla ya Krismasi yetu, ana kilo saba, ananyonya kama ndama, na kisigino ni cha babake."

Awatifu aliifuta huku akifanya ishara ya msalaba. Hapo hapo simu ikalia.

"Tasoni, mbona umefuta maneno yangu?"

"Nadra! Si uliniapisha wewe?"

"Nilikuapisha uso. Miguu niliitaja? Miaka tisa nasoma wenzangu wakisifia watoto wao, na mimi nawaandikia hongera. Leo nina wangu, unanifuta? Rudisha, dada."

Komenti ikishafutwa hairudi. Awatifu alishusha pumzi, akavaa miwani, akaanza kuiandika upya yeye mwenyewe, kwa jina la kanisa, askofu atake asitake.

"Kilo ngapi ulisema?"

"Saba," akasema Nadra. "Andika saba na nusu."