Macho Mekundu kwenye Gauni la Namkunda

Jamani, hili mimi silisimuliagi, maana kila nikilikumbuka natamani ardhi ipasuke inimeze, lakini kwa kuwa mmenibana, haya, chekeni mmalize.

Nilikwenda Vudee kupiga picha za sendofu ya Namkunda, sherehe ya kumuaga kwao, mwalimu wa sekondari, harusi yake ikiwa Jumamosi inayofuata. Ukungu umeshuka, ukumbi giza, na betri za flashi nimezisahau Same mjini, na mimi badala ya kusema ukweli nikajiambia nipige hivyohivyo, giza nitalitoa kwenye kompyuta, si ni faili za raw, picha ghafi, zinavumilia (mnajua ninavyojisifu).

Jumapili nikazifungua, nikapandisha mwanga kwenye giza, zikaja chengachenga kama televisheni ya zamani, na hilo nililitegemea. Nisilolitegemea ni vidoti viwili vyekundu, vimekaa sambamba, tumboni kwa Namkunda. Picha inayofuata, vipo. Anakata keki, vipo. Ameinama, amegeuka, macho mawili yananitazama tu kutoka kwenye lile gauni la kijani. Niliogopa jamani, nikaiacha kompyuta inawaka nikatoka kukaa juani.

Ningenyamaza hapo yangeisha. Nikampigia shangazi yangu, mama wa maombi (na siri kwake haikai dakika tano), nikamwambia niliyoyaona ili amwombee Namkunda tu, basi. Kufika jioni wamama wa kwaya wanafunga kwa ajili ya tumbo la binti wa watu, kesho yake habari ziko ukweni, na Alhamisi naitwa na kamera yangu na kompyuta mbele ya koo mbili, kwa sababu baba mdogo wa bwana harusi anataka harusi isogezwe mpaka kieleweke. Nilionyesha picha moja moja, na kina mama wakavuta kanga hadi mdomoni.

Namkunda alikuwa kiti cha pembeni, macho yamevimba kwa kulia. Akaniuliza taratibu kama vile vidoti vinamfuata yeye au vinakaa palepale kwenye picha. Nikasema sijui, bibi harusi si namweka katikati kila mara? Akainuka, akaichukua kamera, akafunga kifuniko cha lenzi, akanirudishia.

"Wazee, naomba ruhusa," alisema. "Kaka, piga hivyohivyo, halafu toa giza kama ulivyolitoa kwenye picha zangu."

Nikapiga, nikaihamishia kwenye kompyuta, nikapandisha mwanga. Chengachenga, na katikati ya weusi ule vidoti viwili vilevile, mahali palepale. Kumbe ni kamera yangu imeharibika ndani, sehemu mbili ndogo kuliko tundu la sindano, na zinaonekana ukilazimisha giza liwe mwanga.

Baba mdogo akakodoa, akauliza, "Na kifuniko nacho kina pepo?"

Watu walicheka mpaka wakafuta machozi, na mimi nikabaki natazama viatu vyangu. Namkunda hakucheka.

"Siku tatu sijalala," aliniambia. "Nilikuwa nakisikia kabisa kinatembea humu tumboni."

Tangu siku ile sifungui mdomo kabla sijafunga lenzi, nimeapa. Harusi ilifungwa Jumamosi kama ilivyopangwa, baba yake Namkunda akanisamehe na kusisitiza nipige mimi, nikaja na kamera ya kuazima na betri mfuko mzima, na picha zimetoka safi kabisa. Ila kwenye zote Namkunda ameshika tumbo. Nilimwomba autoe mkono, akautoa, nikiinua tu kamera anaurudisha.