Maji ya Safari ya Nkome

Kiangazi kile, shuleni kwetu nje kidogo ya Geita, maji yalikuwa na wenyewe, na wenyewe tulikuwa sisi wa klabu ya mazingira. Tulikuwa wakali kupita walimu. Kila mwanafunzi alikuja asubuhi na kidumu cha maji kutoka kwao, na asiyekuja nacho alikutana na mwenyekiti wetu getini. Maji ya kunawa mikono tuliyakinga kwa beseni tukamwagilia miche, ili yale ya tanki la mvua yasiguswe. Hata mwalimu mkuu aliwahi kuulizwa kwa nini ameosha pikipiki. Alicheka, akaiacha na vumbi lake tangu siku hiyo.

Ukali wetu ulikuwa na sababu. Mwalimu mkuu alituahidi kwamba kiangazi kikiisha na tanki lina maji, klabu itakwenda Nkome kuona ziwa. Wengi tulitaka mitumbwi na samaki. Mwenyekiti alitaka kumwona mama yake.

Nilikaa naye dawati moja, ndiyo maana nilijua. Wazazi wake waliachana yeye akiwa mdogo sana, mama akaenda Nkome kuanika na kuuza dagaa, asirudi. Baba alibaki na binti yake. Alikuwa mchimbaji, anashinda chini kwenye duara, kama tunavyoita shimo la dhahabu, na jina la mama halikutajwa nyumbani kwake. Kwa hiyo siku baba aliposema sawa, nenda, rafiki yangu alinisimulia habari hiyo mpaka nikaichoka. Darasani aliacha kunakili ubaoni, akawa ananiuliza kama mtu anaweza kumtambua mama aliyemsahau sura.

Tanki lilikuwa bado na maji, na gari lilikwishapatikana, duara lilipobomoka. Walimtoa baba yake akiwa amekwishakufa.

Kwetu msiba haungoji mwaliko. Wanaume huenda kuchimba kaburi, wanawake huja na kuni na ndoo za maji kichwani, na mfiwa hashiki kazi yoyote. Lakini visima vilikuwa vimebaki tope, na akina mama walifika na ndoo nusu, wakiona aibu. Waombolezaji walijaa, maana mchimbaji huzikwa na wachimbaji wenzake wote. Mwenyekiti wa kitongoji akaja shuleni kuomba maji. Mwalimu mkuu akatuita, akasema maji ni ya klabu, tuamue wenyewe. Mmoja wetu alikwenda kufungua koki, wengine tukafuata vidumu.

Tulibeba kutwa. Maji yale yalimwosha marehemu, yakasonga ugali wa watu, yakasuuza masufuria, mengine yakamwagwa nyuma ya nyumba na ardhi ikayanywa papo hapo. Yaliniuma. Nilijua safari imekwisha, na nilijua hakuna maji mengine ambayo yangefaa zaidi kwa mtu yule.

Mama wa rafiki yangu alifika kesho yake, baada ya maziko, kwa bodaboda kutoka Nkome. Wanawake walimpokea njiani wakilia, wakamwongoza hadi kwenye mkeka alipokaa binti yake. Hakuna aliyewatambulisha. Rafiki yangu alimtazama kwa muda, kisha akapiga goti kama tunavyofundishwa kuwasalimia wakubwa.

"Shikamoo."

"Ng'wana wane," mama alisema. Mwanangu.

"Tulikuwa tunakuja Nkome na shule," rafiki yangu alimwambia, taratibu, kama anamtolea taarifa mwalimu. "Baba aliniruhusu. Alisema nisikuulize kwa nini uliondoka. Nikusalimie tu, na nikwambie hana kinyongo."

Mama yake alikaa chini pale pale, nje ya mkeka, akamlilia yule mwanamume kwa jina lake. Tulilisikia kwa mara ya kwanza likitoka mdomoni mwake, na wanawake waliomsema vibaya miaka yote wakasogea kumshika.

Baada ya matanga alimchukua binti yake waende Nkome. Walipanda bodaboda, mtoto katikati, begi la shule mgongoni. Rafiki yangu alinipungia mkono. Mimi sikumpungia. Nilikuwa na hasira, na hapakuwa na mtu wa kumkasirikia.